Povu la ndimu haliponyi sukari

Ndimu inakatwa katikati, nusu yake inakamuliwa kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha kinamwagwa humo kijiko kimoja cha magadi ya unga, yale meupe yanayotiwa kwenye mandazi na keki. Glasi inafoka. Povu linapanda hadi ukingoni, linachemka kwa sekunde chache, halafu linatulia, na maji yanabaki na ladha ya chumvichumvi. Kinywaji hiki hunywewa alfajiri kabla ya chai, na mara nyingi anayekinywa ni mtu aliyeambiwa hospitali kwamba ana kisukari. Jirani amemweleza, au amesikia katika sauti iliyozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba damu yake imejaa tindikali, kwamba tindikali hiyo ndiyo inayolichosha kongosho, na kwamba akiigeuza damu iwe ya alkali ugonjwa utakosa pa kukaa.

Povu lenyewe halina siri. Tindikali ya ndimu imekutana na magadi, ambayo ni alkali, na kila kimoja kimemaliza nguvu ya kingine. Hewa ya kaboni imetoka kwa mapovu, na kwenye glasi yamebaki maji yenye chumvi ya sodiamu. Yakishuka tumboni yanakuta tindikali nyingine, kali kama ya ndimu au kuizidi, na magadi yoyote yaliyosalia yanaishia hapo. Kinachoingia mwilini kwa hakika ni sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha magadi hayo kina miligramu 1,260 hivi za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, pamoja na chumvi yote ya mboga na ya mkate. Wenye kisukari wengi wana presha pia. Kwa hiyo mtu anayetafuta nafuu ya sukari anaanza siku kwa kuishindilia presha yake.

Hata hivyo, si haki kuiita habari yote ya tindikali na alkali uzushi. Ina mizizi katika sayansi ya kweli, na mizizi hiyo inapita kwa sungura wa sokoni.

Katikati ya karne ya 19, mtaalamu wa Kifaransa wa utendaji wa mwili, Claude Bernard, aliletewa sungura maabarani kwake Paris. Waliwekwa juu ya meza wakakojoa, na Bernard akaona jambo ambalo mwingine angelipangusa kwa kitambaa na kuendelea na kazi: mkojo wao ulikuwa mwangavu na wenye tindikali. Sungura ni mla majani, na mkojo wa wala majani kwa kawaida huwa na ukungu na huwa wa alkali. Mkojo mwangavu wenye tindikali ni wa wala nyama. Bernard akakisia kwamba wanyama hao walikuwa hawajala kwa muda mrefu, na kwa njaa miili yao ilikuwa inajitafuna yenyewe. Sungura mwenye njaa ni mla nyama, ila nyama anayoila ni ya kwake. Akawapa majani. Baada ya saa chache mkojo ukaingia ukungu na kuwa wa alkali. Akawanyima chakula kwa siku moja au moja na nusu, tindikali ikarudi. Akajaribu kwa farasi, ikawa vilevile. Mwisho akawapa sungura nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ikapoa, nao, kwa kuwa hawakupewa kingine, wakaila. Muda wote wa mlo huo mkojo wao ulibaki mwangavu na wenye tindikali.

Bernard huyohuyo ndiye aliyegundua kwamba ini hutengeneza sukari, na mwaka 1857 akafanikiwa kuitenga glikojeni, akiba ya wanga ambayo ini huihifadhi na kuifungua mwili unapohitaji sukari. Kwa hiyo mtu aliyeonyesha jinsi chakula kinavyogeuza mkojo ndiye aliyefungua njia ya kukielewa kisukari. Jambo la tatu alilofundisha ndilo wauzaji wa maji ya alkali wasilolitaja kamwe: mwili hulinda hali ya ndani yake isiyumbe, hata huku nje mambo yakibadilika. Mkojo wa sungura ulibadilika kwa sababu ni kupitia mkojo mwili hutupa ziada, ili damu isibadilike.

Damu ya binadamu mwenye afya hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Ni alkali kidogo tayari, tangu kuzaliwa, bila glasi yoyote ya alfajiri. Kazi kubwa ya kuilinda inafanywa na mapafu, ambayo kila siku hutoa kiasi cha milimoli 15,000 za tindikali kwa sura ya hewa ya kaboni. Tindikali inayobaki kutokana na chakula, nyingi yake ikiwa imetokana na protini za nyama, samaki, mayai na nafaka, ni kama milimoli 70 tu kwa mlaji wa kawaida wa nchi za Magharibi, na hiyo hutolewa na figo. Mtu anaweza kukesha kwenye nyama choma na asubuhi damu yake ikawa palepale. Kilichobadilika ni mkojo.

Ndiyo maana karatasi za rangi zinazouzwa pamoja na dawa hizi zinapotosha. Mteja anachovya karatasi kwenye mkojo, anakula mboga wiki nzima, anachovya tena, rangi inageuka, anashangilia. Karatasi imemthibitishia kwamba figo zake zinafanya kazi. Juu ya damu haijasema kitu, na juu ya sukari haijasema hata nusu neno.

Sasa ile sehemu ya kweli. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Dortmund, Ujerumani, Thomas Remer na Friedrich Manz, walichapisha hesabu ya kukadiria mzigo wa tindikali ambao kila chakula huziachia figo. Upande mmoja waliweka protini na fosforasi, zinazoongeza mzigo. Upande wa pili wakaweka potasiamu, magnesiamu na kalsiamu, zinazoupunguza. Kwa gramu 100, jibini ngumu ya Parma ilipata 34, yai 8, ndizi mbivu ilishuka chini ya sifuri hadi −5.5, na spinachi hadi −14. Ndimu na limau, pamoja na ukali wake mdomoni, ziko upande wa alkali, kwa sababu tindikali yake huunguzwa mwilini na kuacha potasiamu.

Hesabu hiyo iliwapa watafiti wa kisukari kitu cha kupima. Ufaransa, wanawake 66,485, wengi wao walimu, walifuatiliwa kwa miaka 14, na 1,372 kati yao wakapata kisukari. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotolewa mwaka 2014, wale ambao milo yao ilibeba mzigo mkubwa kabisa wa tindikali walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 56 ile ya wenye mzigo mdogo kabisa. Mwaka 2017 takwimu za Wamarekani zaidi ya 187,000 zilielekea upande huohuo, kwa asilimia 29. Ipo pia sababu ya kimwili ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 1979 Ralph DeFronzo na mwenzake walipowapa watu wenye afya kloridi ya amonia kwa siku tatu, hadi damu yenyewe ikaingia tindikali, miili yao ilianza kuisikia insulini kwa shida. Insulini ilikuwa ikibisha hodi kama kawaida, lakini seli zilichelewa kufungua.

Haya ni mambo mazito, na anayeyakejeli hakuyasoma. Lakini asome na yaliyobaki. Katika mji wa Uppsala, Uswidi, wanaume 911 wenye umri wa miaka 70 au 71 walifuatiliwa kwa miaka 18, na mzigo wa tindikali haukuonyesha uhusiano wowote na kisukari. Huko Dallas, Marekani, watafiti wa mawe ya figo waliona kwamba watu ambao miili yao imekuwa sugu kwa insulini hutoa mkojo wenye tindikali zaidi, kwa sababu usugu huo unavuruga kazi ya figo yenyewe. Yaani huenda mara nyingine kisukari ndicho kinachotangulia na tindikali ya mkojo inafuata, kinyume kabisa cha mahubiri. Tena mlo wenye mzigo mkubwa ni mlo wa nyama nyingi, soseji na jibini, wenye mboga kidogo. Ni nani ajuaye kama kosa ni la tindikali, au la mafuta, au la mboga zilizokosekana?

Swali hilo lina jaribio lake. Ikiwa tindikali ndiyo mkosaji, basi kuwapa watu alkali kungesaidia. Huko Marekani wazee wapatao 150 wasio na kisukari walipewa, wengine bikaboneti, alkali iliyomo kwenye magadi, na wengine kidonge cha kulinganishia, kwa muda wa karibu miezi mitatu. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: hapakuwa na tofauti katika sukari wala katika nguvu ya insulini. Alkali ilisaidia kwingine, nchini Italia, kwa wagonjwa wa kisukari ambao figo zao zilikuwa zimeshadhoofika na kushindwa kutoa tindikali. Hao bikaboneti iliwapunguzia usugu wa insulini. Walikuwa wagonjwa wa figo, wakipewa dozi iliyopimwa na daktari, na damu yao ikichunguzwa. Hawafanani na mama mwenye figo nzima anayejichanganyia kijiko jikoni.

Udhaifu wa nadharia hii unaonekana wazi zaidi pale orodha ya vyakula vya alkali inapofanywa mwongozo wa mgonjwa wa kisukari. Katika hesabu ya Dortmund, kimoja kati ya vyakula vya alkali kuliko vyote ni zabibu kavu, −21. Yai ni la tindikali. Mgonjwa akiifuata orodha kwa uaminifu atakula kiganja cha zabibu na kulikimbia yai. Zabibu kavu zaidi ya nusu yake ni sukari tupu, nalo yai karibu halina wanga kabisa. Kipimo cha kidoleni kitamwonyesha tofauti ndani ya saa moja. Viazi na ndizi, vyote vya alkali, vitapandisha sukari vikiliwa sahani tele, na kipande cha samaki, chenye tindikali, hakitaipandisha. Wingi wa wanga kwenye sahani na kasi yake ya kuingia kwenye damu ndivyo vinavyoamua zaidi sukari baada ya mlo, na hapo tindikali na alkali hazina kauli.

Hazina kauli, isipokuwa mahali pamoja, na hapo neno zuri linaiendea tindikali. Mwaka 2004 Carol Johnston na wenzake huko Arizona waliwapa watu gramu 20 za siki ya tufaha, sawa na vijiko vinne vya chai hivi, iliyochanganywa na maji, kabla ya mlo wa mkate na maji ya machungwa. Kwa wale ambao miili yao ilikuwa sugu kwa insulini, usikivu wa insulini katika saa iliyofuata mlo ulipanda kwa asilimia 34. Nchini Ufaransa watu wachache wenye afya walikula mkate kwa maji ya limau, na kilele cha sukari yao kikashuka kwa asilimia 30 kulinganisha na siku walipokula mkate uleule kwa maji matupu. Ukali wa limau huzima mapema kimeng'enya cha mate kinachoanza kuuvunja wanga mdomoni, nao wanga huingia kwenye damu polepole. Watafiti wa Lund, Uswidi, walikuta jambo linalofanana na hilo kwenye mkate wenye tindikali ya uchachu. Mwenye kupenda uji uliochachuliwa, au uliotiwa ukwaju au ndimu, ana sababu ya kuupenda zaidi, mradi asiufuatishie vijiko vinne vya sukari.

Hapo ndipo glasi ya alfajiri inaposikitisha. Kama ndimu ingekuwa na msaada, msaada huo ungekuwa katika ukali wake, pamoja na chakula, na magadi yameshaumaliza ukali wote kwenye povu.

Haya yote yangekuwa mjadala wa wataalamu tu kama glasi hiyo ingeishia kuwa glasi. Lakini anayeamini kwamba chanzo cha ugonjwa wake ni tindikali hufika siku akaona insulini haina kazi. Na yupo mgonjwa ambaye kwake uamuzi huo haumpi hata wiki moja. Huyo ni mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mara nyingi mtoto au kijana, ambaye kongosho lake halitoi insulini. Akikosa sindano, seli hazipati sukari hata kama damu imejaa sukari, na mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, kama sungura wa Bernard waliojila kwa njaa. Mafuta hayo huacha ketoni, ambazo ni tindikali. Sasa figo zinazidiwa, mapafu yanazidiwa, na damu inashuka chini ya pH 7.3. Mtoto amelala kitandani lakini anavuta pumzi ndefu, nzito, za haraka, kama aliyepanda mlima mbio. Mapafu yanahangaika kuitoa tindikali nje. Pumzi hiyo daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza mwaka 1874, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mdomo unanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Anatapika, ana kiu isiyokatika, tumbo linamuuma, halafu usingizi unamchukua.

Hapa, na karibu hapa tu, kisukari na tindikali ya damu vinakutana ana kwa ana. Na mfuatano wake ni huu: kukosekana kwa insulini kumeleta tindikali. Tindikali haikuleta kisukari. Kwa hiyo tiba ni maji ya mshipani, insulini na potasiamu. Bikaboneti madaktari huifikiria pale tu damu inapokuwa imeshuka chini kabisa, kwenye pH 7.0 au chini yake, kwa sababu insulini ikirudi mwili huacha kutengeneza ketoni na kujisawazisha wenyewe. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa insulini mjini Toronto, wazazi wa watoto hawa walikuwa na kazi moja tu, kukaa pembeni ya kitanda na kungoja. Kumrudisha mtoto kwenye hali hiyo kwa hiari, kwa jina la alkali, ni jambo la kuumiza moyo.

Mkuu wa mahubiri haya duniani alikuwa Mmarekani Robert Young, aliyetoa mwaka 2002 kitabu kilichosomwa sana cha muujiza wa pH, na miaka miwili baadaye kingine mahususi kwa wenye kisukari. Hakuwa daktari wa tiba. Kwenye shamba lake la maparachichi huko California, wagonjwa walitundikiwa dripu za bikaboneti. Mwaka 2016 baraza la mahakama mjini San Diego lilimkuta na hatia ya kutibu watu bila leseni, na mwaka 2017 akahukumiwa miaka mitatu na miezi minane. Mwaka 2018 baraza jingine lilimtaka amlipe mgonjwa mmoja wa saratani, aliyemfuata badala ya hospitali, dola milioni 105. Mwenye hoja ameshindwa mahakamani, na hoja yake bado inatembea kwenye simu za watu.

Inatembea kwa sababu kuna njia iliyo wazi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 wa kanda yake ya Afrika wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajapimwa. Aliyepimwa naye amepewa karatasi ya dawa, tarehe ya kurudi, na maneno machache kuhusu chakula katika foleni ndefu. Mwaka 2011 magari yalipopanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuwa yanapona. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka na ugonjwa usioisha, na mtu mmoja alikuwa amewaambia kwamba unaisha. Maji ya alkali yanauza maneno hayohayo, ila yamevaa koti jeupe na yana namba za pH.

Kwa hiyo kukejeli hakutasaidia, wala kumkaripia mgonjwa. Muuguzi wa kliniki ya kisukari anaweza kuuliza swali moja kila mgonjwa anapokaa kitini, kwa sauti isiyo na hukumu: "Mama, zaidi ya dawa hizi, kuna kingine unachotumia nyumbani?" Glasi itatajwa. Hapo aelezwe kwamba mboga alizoambiwa ale na huyo mwenye glasi ni nzuri kweli, ale mchicha, matembele na kisamvu hadi zijae nusu ya sahani, na ugali ubaki robo. Ndimu aikamulie kwenye kachumbari na samaki. Magadi yarudi kwenye mandazi ya wengine. Na mwenye mtoto anayechoma insulini ajue hivi: siku mtoto atakapotapika na kuvuta zile pumzi ndefu nzito, asitafute kitu cha kukamulia. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na kichupa cha insulini kibebwe mkononi ili daktari akione.